Kibano cha Nuru

Mchana haiwezekani hapa Brno.
Tramu ikikata kona, sakafu hutetema,
sakafu huiambia meza, meza huiambia lenzi,
na kile nilichokishika huponyoka
kama sabuni.
Basi nafanya kazi na popo.

Saa saba usiku. Theluji dirishani, chai imepoa.
Nimezima taa zote. Leza imewaka
wala haionekani;
utaijua kwa kile inachokishika:
punje inaelea, inahangaika, mara tuli.
Hakuna koleo, hakuna ndoano.
Nuru tu, iliyobanwa hadi ikaota vidole.

Chini ya lenzi ni damu ya baba.
Nilimtoboa kidole mwenyewe, Jumapili, jikoni,
supu ikitokota. "Mtanirudishia?" akauliza.
Fundi wa makufuli miaka arobaini,
siku hizi anabishana na tundu
la mlango wake mwenyewe.

Radovan amebandika karatasi: Sampuli 14.
"Usiipe jina," husema. "Ukiipa jina utaihurumia."

Nachagua seli moja, nyekundu, imebonyea katikati
kama kifungo ambacho mshonaji alisahau kukitoboa.
Naishika huku kwa mwali mmoja, kule kwa wa pili.
Navuta, taratibu.
Inarefuka, inakuwa punje ya mchele.
Naachia.

Seli ya kijana hurudi kabla hujapepesa jicho.
Hii ilijishauri kwanza,
kama yeye anapoitwa mezani:
mkono kwenye kiti, mkono kwenye goti,
haya, haya, nakuja.

Ningeishika tena. Ningeishika mpaka kuche.
Lakini nuru ishikayo ndiyo iunguzayo;
ukikumbatia mno, unapika.
Nikabonyeza swichi.
Seli ikapinduka, ikaondoka na maji
bila kuaga, ikajichanganya na elfu nyingine,
nami sikuijua tena.

Niliandika namba daftarini. Nikaifuta.
Nikapima nyingine, na nyingine,
nikaandika namba ileile.

Saa kumi na nusu, tramu ya kwanza.
Lenzi ikatetemeka, chai ikatetemeka kikombeni,
na ng'ambo ya mto, najua, baba ameamka,
yuko mbele ya jiko
na kijiti cha tatu cha kiberiti.