Ukuta wa Mabela

Alianza Ghaniya, yule msichana wa sanaa:
"Leteni vilivyovunjika. Vizima bakini navyo."
Mimi fundi vigae, mstaafu, magoti yamekwisha,
nikacheka. Miaka thelathini nawakatia watu vigae,
sijaombwa hata siku moja kuunga visivyolingana.

Ukuta wenyewe uko nyuma ya duka la dobi,
saruji tupu, jua linaupiga tangu asubuhi
mpaka paka hawaupiti.

Jumamosi ya kwanza hakuja mtu.
Ya pili akaja Bi Shinuna na mfuko wa plastiki,
ndani mkono wa kikombe tu.
Kikombe kilibaki Unguja, mezani, chai nusu,
mwaka ule ambao nyumbani kwao hautajwi kwa tarakimu.
Hakusema zaidi. Akakalia ndoo yangu,
akauliza utawekwa wapi.

Kisha wakamiminika.
Wa Bujumbura na sahani ya bati iliyochubuka,
wa Kigoma na kifuniko kisicho na birika,
na ndugu wawili wa Mombasa
waliogombania bakuli la kaure kwenye mirathi
hadi likapasukia mikononi mwao.
Kila mmoja na nusu yake. Hawakusalimiana.
Ghaniya alitaka nusu zikutane.
Nikamwambia, mwanangu, hapa Maskati
vigae vikibanana, joto likija vinafyatuka.
Acha pengo la kidole.

Kadzo anafanya kazi nyumba ya pili,
ametoka Kaloleni, mwaka wa tatu huu.
Hana chombo. Vyote anavyoosha ni vya watu,
na kikivunjika hukatwa mshaharani.
Alisimama na pipa la taka akisikiliza Kiswahili chetu cha kizamani,
maneno aliyoyasikia mara ya mwisho kwa bibi yake.
"Na mimi ukuta huu unanihusu?"
Bi Shinuna akaitazama ndoo.
Nami nikakoroga saruji iliyokwisha korogwa.

Alirudi Ijumaa, saa yake moja ya ruhusa,
na kioo cha simu kilichopasuka utando wa buibui.
Humo ndimo alimwona mwanawe akisimama dede.
Nilikiweka chini kabisa, kimo cha mtoto.

Sasa umejaa. Si mzuri sana, kusema kweli;
kona ya kushoto imepinda, kosa langu.
Wajukuu wetu hupitisha vidole wakihesabu kwa Kiarabu,
wakifika kwenye kioo huchuchumaa,
hujiona vipande vipande, huchekana.

Bi Shinuna hupita baada ya alasiri,
huushika mkono wa kikombe uliotokeza ukutani
kama anayetaka kuinyanyua nyumba nzima ainywe.
Jana alimwita yule binti aje naye ajaribu.
Jina alilikosea, alisema Kazija.
Kadzo alikwenda hivyo hivyo, mikono ina povu.