Sailensa

Saa kumi na mbili asubuhi, kilima cha Hilltown, Dundee,
gari limesimama lakini halijatulia.
Mshale unapanda hadi elfu mbili, unaporomoka hadi mia tano,
unapanda tena,
kama mtoto anayejifanya kalala huku anachungulia.
Kwetu Korogwe fundi angesema neno moja: halina sailensa.
Huku nilipolitamka neno hilo
kijana wa duka la vipuri alinipeleka kwenye mabomba ya moshi.

Nikaambiwa plagi. Nikanunua nne,
pauni thelathini na mbili,
saa tatu za kugeuza wazee vitandani.
Likaendelea kutetemeka, sasa kwa plagi mpya.
Nikaambiwa uchafu. Nikasugua koo la injini
kwa dawa ya kopo na mswaki wangu wa zamani,
masizi yakatoka kama ya sufuria ya msibani.
Likatulia siku mbili.
Siku ya tatu, kwenye taa nyekundu, likanguruma peke yake,
na mzee wa baiskeli akanitazama
akidhani namtaka mashindano.

Nyumba ya nne katika orodha yangu ni ya Bi Effie Geddes,
miaka themanini na minane.
Masikio yake aliyaacha kiwanda cha juti,
katikati ya mashine za kufuma zisizonyamaza.
Mama yangu aliacha kidole kwenye korona ya katani.
Sijamwambia. Magunia ni magunia.

Siku hiyo alitaka kukaa nje.
Jua lilikuwepo, la kuonyeshwa tu, si la kuguswa.
Nikamsogeza na kiti chake hadi ukingo wa barabara,
na gari linahema, linakohoa, linahema,
naye akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya boneti,
akafumba macho.
"Mkanda," akasema. "Umelegea."

Haukuwa mkanda.
Lakini kile kiganja hakikutulia mahali pamoja.
Kilitambaa, kikarudi, kikatambaa tena,
kikatua nyuma kabisa, karibu na kioo, upande wa kushoto.
"Inalia hapa."

Usiku, chini ya taa ya barabarani,
tochi mdomoni, kipande cha mpira wa bustani sikioni,
ncha ya pili naitembeza polepole juu ya injini
pale alipopaonyesha.
Mngurumo. Mngurumo. Kutu. Mngurumo.
Halafu mluzi,
mwembamba, wa mtu anayeita na hataki asikike.
Nikapulizia maji kwa chupa ya kunyooshea nguo:
injini ikapaliwa, ikayumba, karibu izime.
Nikacheka peke yangu na tochi ikadondoka.

Kiwiko cha mpira, kinene kama kidole gumba,
kimepasuka chini kwa chini ambako jicho halifiki.
Kompyuta maskini ilikuwa inahesabu kwa uaminifu,
hewa kiasi hiki, mafuta kiasi hiki,
kumbe kuna mgeni anaingia kwa mlango wa uani
na hajapimwa, hajaulizwa jina.
Hesabu sahihi, jibu la uongo.

Pauni nne na senti themanini. Siku tatu za kusubiri.
Klipu iliniuma vidole mara mbili,
na baridi ya mto Tay ilikuwa imeshaniuma kabla yake.
Nikachomoa waya wa betri dakika kumi,
kompyuta isahau yote iliyojifunza kwa kudanganywa.
Nikawasha.
Mshale ukapanda, ukasita,
ukashuka hadi mia nane.
Ukakaa.
Nilikaa nao. Kioo kikaanza kuingia ukungu wa pumzi zangu
na sikusikia chochote cha kutengeneza.

Ijumaa nikamtoa tena Bi Geddes nje, gari likiwa linaunguruma.
Akaweka kiganja. Akangoja muda mrefu
kuliko inavyoruhusu ratiba ya ofisi.
"Umekaza mkanda," akasema.
Nikainama mbele ya uso wake asome midomo yangu vizuri,
polepole, silabi kwa silabi:
Ndiyo. Mkanda.

Hakuondoa mkono.
Palikuwa na joto pale.