Mkono wa Kushoto

Kila Novemba, kabla hawajaleta maua yao mekundu ya karatasi,
naegemeza ngazi, napanda na ndoo ya maji vuguvugu,
brashi ya viatu, kopo la nta,
kumtoa babu yangu mavi ya njiwa.

Jiwe alilosimamia lina majina arobaini na moja.
Lake halimo.

Idwal Prosser, mpasua mawe ya kuezekea,
alijipeleka kuandikishwa mara tatu.
Mara tatu daktari alizitazama nyayo zake,
bapa kama vigae alivyovipasua,
akasema: Rudi kwenu. Jeshi hutembea.

Vita vikaisha. Mchongaji akashuka kwenye treni
akiulizia mwanamume mwenye mabega.
Wenye mabega walikuwa Ufaransa, chini ya matope.
Basi wiki tatu babu akasimama katika stoo ya kanisa,
koti la kuazima, bunduki ya mbao,
mkono wa kushoto wazi kama anayengoja chenji.
Buti zikafinyangwa kubwa. Zikafunika nyayo.

Siku ya kuvuta turubai ilinyesha.
Akina mama walisogea mmojammoja:
huyu akaona sikio la Emrys,
yule kidevu cha Hefin, kabisa, na kovu lake
(babu hakuwa na kovu).
Mwenyewe alikuwa nyuma ya umati, kofia mkononi,
anatafuta pa kuuweka uso.

Tangu hapo hakukatiza uwanja ule.
Kwenda posta alizungukia kiwanda cha bia,
dakika ishirini zaidi
kwa miguu ileile iliyokataliwa.

Hata usiku mmoja wa Februari mlango ukagongwa.
Gwenllian Pugh, mama yake Emrys,
theluji kwenye shali. Chai hakutaka. Kiti hakutaka.
“Ule wa pale,” alisema, “nimeushika miaka tisa.
Haupati joto. Nipe huu.”

Bibi alisimulia kwamba walisimama hivyo
mpaka makaa yakawa majivu,
na yeye akiwa jikoni anaosha sahani moja, tena na tena.

Shaba yote imeiva weusi, makwapani kijani.
Kiganja kile tu kinang'aa kama sufuria ya harusi
kwa kushikwa na watu ambao nao wamekwisha.
Hapo sipaki nta.
Hufika zamu yake mwisho, vidole vimekufa ganzi,
mvua imeanza,
nami navua glavu.