K ya Mbele

Hawes, Januari. Theluji chepechepe inagonga dirisha.
Bi Thirza Iveson anafuma soksi ya kijivu;
Wilf, mjukuu wake, yuko miguuni pake na daftari la imla:
nne kati ya kumi, kwa wino mwekundu.

"Bibi, hii K mbele ya 'knit' inafanya nini?
Haisemi kitu."

Sindano hazisimami.
"Zamani ilisema. Watu wa kale waliitamka,
koo likigonga kwanza, kama mtu abishaye hodi.
Maana yake ilikuwa kufunga fundo.
Na hilo fundo, 'knot', ni ndugu yake, tumbo moja."

Wilf anajaribu: ki-nit. Ki-nit!
Silabi moja inapasuka mbili
na mate yanamrukia paka.

Bibi anacheka mpaka anapoteza hesabu ya vitanzi.
Kisha anatazama kiti cha pili karibu na moto:
mto umebonyea, miwani iko juu ya mkono wake,
tangu Oktoba hakuna aliyekikalia
wala aliyethubutu kukisogeza.

"Iandike," anasema, akianza mstari upya.
"Haisikiki, lakini nafasi ni yake."