Nitue

Miaka ishirini na miwili nilibeba Kariakoo:
lumbesa za viazi vya Njombe, vitunguu vya Mang'ola,
mchele ulionyeshewa njiani ukawa mzito kama maiti.
Vijana waliniita Greda.
Nikitokea Mtaa wa Kongo, njia ilijifungua yenyewe.

Nilisali pia. Usidhani sikusali.
Jumuiya ilipofika zamu yetu, Jumamosi alfajiri, Buguruni,
mabenchi nilitoa mimi, nikarudisha mimi,
na ombi langu lilikuwa fupi: Bwana, asante, niko sawa.
Kama mtu anayemsalimia jirani bila kusimama.

Halafu ile Jumanne. Gunia la mahindi,
wala si zito.
Mguu wa kushoto ukakataa amri,
mdomo ukaenda upande,
nikasikia punje zikimwagika kwenye lami
na mtu akisema, "Greda kadondoka."

Sasa naogeshwa. Niseme waziwazi:
Skolastika ananivua, ananisugua mgongo,
mgongo ule ule.
Wiki ya kwanza nilifumba macho.
Ya pili nilimtukana.
Ya tatu bomba lilikauka, akaenda kisimani kwa Mama Ndimbo,
akarudi na ndoo kichwani, akainama mbele yangu:
"Hilari, nitue."
Mimi! Wa mkono mmoja!
Nikaunyanyua huo mmoja, yeye akashika kwingine,
maji yakanimwagikia kifuani,
tukacheka hadi jirani akachungulia.

Usiku umeme ulikatika, feni ikasimama, sikulala.
Nikakumbuka jambo ambalo kila mchukuzi analijua na hasemi:
gunia la kilo mia hakuna ajitwishaye.
Unainama, wawili wanakutwisha.
Na mwisho wa safari, hata uwe na shingo ya fahali,
unasimama mlangoni pa duka
na neno moja tu la kusema.
Nimewaambia Wapemba, nimewaambia Wahindi,
nimewaambia watoto waliotumwa kulinda duka.
Juu sikulielekeza hata siku moja.

Nikalisema. Ulimi mzito, likatoka vipande:
Ni. Tu. E.

Sikuona nuru. Mguu haujapona.
Ila kitu fulani hapa shingoni,
ambacho siku zote nilidhani ni mfupa,
kilishuka.

Leo ni zamu yetu tena.
Mabenchi wamebeba wengine, wanayagonga mlangoni,
hawajui kuyageuza. Nanyamaza.
Nimeegemea ukuta, na ukuta si peke yake ninaouegemea.
Mwenyekiti anauliza nani ana nia ya kuombewa.
Zamani hapo ndipo nilipoangalia saa.
Nanyoosha mkono wa kulia,
ule unaonyooka.