Ngazi Iliyolala

Rimouski, mwezi wa nne. Theluji inaondoka,
lakini chumvi waliyoimwaga barabarani tangu Novemba
haiondoki; imepanda magari bila nauli,
imejibanza matumboni mwao, inakula polepole
kama mgeni ambaye hakuna aliyempa jembe siku ya tatu.

Nimeiinua pikapu ya Ovila Gagnon.
Nyekundu, imeng'arishwa hadi unajiona meno.
Huifuta vioo kwa gazeti, huiita "binti".
Hajawahi kulala chali chini yake.

Mimi kazi yangu ni huku chini.

Ondoa kwa mawazo bodi, viti, injini, redio:
kinachobaki ni ngazi iliyolazwa,
boriti mbili ndefu na vidato saba.
Mpanda ngazi hushuka, husema watu.
Hii haipandwi. Ishalala,
na kila kitu kingine hupanda juu yake.

Baba, Adélard, alizikunja boriti kama hizi
miaka ishirini na sita huko Ontario,
kwenye mashine iliyotikisa supu katika bakuli za mtaa wa pili.
Bati nene liliingia bapa,
likatoka na kingo mbili, mfano wa mfereji.
Nilipokuwa na miaka kumi alinionyesha kwa karatasi:
bapa, ililegea ikabusu meza;
ilipokunjwa, ikabeba kijiko.
Kisha akanikaririsha:

    Juu usije toboa, huko chuma hubinyika,
    Chini usije toboa, huko chuma huvutika,
    Katikati ukitoa, chuma hakitavunjika,
    Pale mzigo wapoa, hauna pa kujishika.

Ndiyo maana matundu ya nyaya na mabomba ya breki
hupita katikati ya ubavu.
Ndiyo maana vidato hivi vimeshikwa kwa ribiti:
gurudumu moja likiwa shimoni, jingine hewani,
ngazi hujisokota, hulalamika kidogo, hurudi.
Kigumu kupita kiasi hupasuka.
Hilo Baba hakunikaririsha;
nililiona kwake mwenyewe.

Nachukua nyundo ndogo. Naanzia mbele.
Ti. Ti. Ti.
Chuma kizima hujibu kabla hujamaliza kuuliza.
Nyuma, penye springi ya kushoto:
pu.
Napiga tena. Nyundo inazama hadi shingoni
na kutu inanimwagikia usoni kama majani ya chai.

Ovila yuko mlangoni, kofia mkononi.
"Weka kiraka, Réjeanne."
Kiraka hutaka ukingo wa kukishonea, namwambia,
na hapa hakuna ukingo. Kuna rangi nyeusi
ambayo haijapata habari kwamba chuma kimekwisha.
"Jumamosi nina kuni za Madame Bérubé."
Kuni huenda zikafika, Ovila.
Ekseli ndiyo itabaki njiani.

Ananyamaza. Kisha anaingia, anainama,
goti linalia, anatazama juu
kama mtu aliyeingia kanisa la watu wengine.
Anapenyeza kidole tunduni,
kidole kizima, mpaka kwenye pete ya ndoa.
"Miaka kumi na tisa," anasema,
"nimekuwa nikimwosha uso tu."

Ipo chasisi Alberta, kavu, kusikomwagwa chumvi nyingi,
ya gari lililopinduka likafa bodi na kuacha mifupa.
Italetwa. Tutafungua boliti nane,
tutamnyanyua binti, tutamshusha juu ya mgongo wa mwingine.
Ila nambari imegongwa kwenye boriti,
si kwenye rangi.
"Basi atakuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa tochi na nyundo,
nikaenda mezani kujaza karatasi.
Kuna kisanduku cha rangi; niliandika: nyekundu.
Kile cha nambari nilikiacha wazi.
Ovila alikuwa bado chini, upande wa kulia,
ti, ti,
anangoja kidogo, anasikiliza,
anasogea hatua moja.