Kidole Gumba

Usishike usukani kama mtu anayekamua nguo.
Legeza.
Mkono wa kulia hapa, kwenye kipini cha mafuta,
na kidole gumba kiache juu ya kitufe:
juu, chini. Basi.
Pesa zote ulizolipa, Bwana Jiten,
injini mbili za farasi mia tatu kila moja,
manjano tuliyoipaka mara nne gerejini Tudor,
viti vilivyoninyima usingizi kwa kukuna gundi,
vyote vinakitii kidole hiki.

Ukiondoka, trimu chini kabisa.
Omo itainuka, utaona mbingu tupu. Usiogope,
ni pumzi moja, mbili,
kisha boti italala juu ya maji na kuteleza
kama kigae alichokirusha mtoto.
Hapo ndipo uanze kuiinua:
gusa. Acha. Sikiliza.
Usisome mishale, mishale huchelewa.
Sikiliza mizunguko ikipanda nawe hujaongeza mafuta,
usukani ukiwa mwepesi,
povu la ubavuni likirudi nyuma, likipita kiti cha abiria,
likipita tangi,
mpaka umebaki juu ya shibiri mbili za maji
na kelele.

Ukizidisha, itakwambia.
Kwanza itaitikia kwa kichwa, juu, chini, juu, chini,
kama mtu anayekubali asichokisikia.
Shusha kidogo.
Ukipuuza, itaanza kutembea kwa mabega,
bega hili, bega lile, kila moja likimwita mwenzake.
Usilifukuze bega kwa usukani. Punguza mafuta, taratibu.
Mimi nililifukuza, mwaka wangu wa kwanza, nje ya Mkomani.
Kovu hili la kidevuni ndilo risiti.

Jana tulikuwa watatu: mimi, Shebwana, na Kazungu wa umeme.
Boti yako iliitikia kila ilipofika noti arobaini.
Tulibadilisha rafadha. Ikaitikia.
Tukashusha injini inchi moja. Ikaitikia.
Shebwana akasema, "Mwanamvua, hii ina jini."
Saa nane mchana Kazungu akashikwa na kichefuchefu,
akaenda kujilaza omoni, juu ya kamba za nanga.
Ikanyamaza.

Kilo tisini za Kazungu!
Akiinuka, inaitikia. Akilala, inatulia.
Tulimlaza mara sita, maskini,
akitapika kulia, akitapika kushoto,
mpaka tukaamini.
Kwa hiyo betri mbili zimehama kutoka tezi, ziko mbele,
na kando yake nimefunga mfuko wa saruji.
Usiuondoe,
hata mkeo akisema unaharibu sura.

Feri ya Likoni ikivuka, punguza kabisa.
Si kwa ajili ya askari wa bandari.
Mle watu wamesimama, viatu vya kazi mkononi,
na wimbi lako litawafikia
wewe ukiwa umeshalisahau.

Huko nje, nyuma ya mwamba, wimbi likija usoni
shusha omo ulipasue.
Likikusukuma kwa nyuma, inua,
omo isije ikajichimbia.
Ukiruka, na utaruka, nakuona machoni,
rudisha mafuta rafadha zikiwa bado hewani.
Zikirudi majini zinazunguka kama wazimu
kitavunjika kitu,
na mimi nitauza kitu.

Kamba hii nyekundu funga pajani.
Ukianguka, izime injini.
Bora zife zenyewe kuliko zikurudie.

Mimi sina boti, Bwana Jiten. Watu huniuliza.
Nina za watu, siku mbili, tatu, mpaka zitulie,
halafu natoa ufunguo.
Usiku, nimelala, kidole hiki hugusa shuka:
juu kidogo.
Acha.
Sikiliza.

Tia sahihi hapa. Na hapa chini, tarehe.